Namwogesha baba kila siku, mbona ngozi yake inaharibika?

SWALI

Ndugu washauri, salaam nyingi.

Ninamuuguza baba yangu mwenye miaka 71. Miezi 5 iliyopita alipata kiharusi na upande wake wa kushoto ukapooza, mkono na mguu. Anaongea vizuri na akili yake ni timamu, ila hawezi kujigeuza kitandani wala kusimama bila kushikwa. Usiku namvalisha nepi. Mchana huita akibanwa, ingawa mara nyingine tunachelewa.

Namwogesha kitandani asubuhi na jioni kwa sabuni ya dawa, na maji nayatia dawa ya kuua vijidudu kwa sababu naogopa vidonda. Namsugua kwa dodoki mpaka nihakikishe ametakata. Pamoja na juhudi zote hizo, miguu imekauka na ngozi inababuka, na tangu wiki iliyopita kuna alama kwenye kifandugu, ukubwa wa kifuniko cha chupa, nyeusi kuliko ngozi inayoizunguka. Niliambiwa niichue kwa spiriti halafu nipake mafuta ili damu itembee. Nafanya hivyo kila asubuhi na haiondoki. Akikaa kitini, namwekea mto wa duara wenye tundu katikati.

Yako na mengine. Mkono wa kushoto umejikunja ngumi. Nikijaribu kuufungua anapiga kelele kwa maumivu, na kiganjani kunanuka. Kinywa kinatoa harufu hata baada ya mswaki, na wakati wa kupigwa mswaki anakohoa kama mtu anayepaliwa. La mwisho naona haya kuliandika: nikifika chini ya kiuno, baba anakaza mguu wake mzima na kuniambia "acha". Naacha, maana ni baba yangu. Lakini siku zinapita bila kusafishwa vizuri, na nikilazimisha tunagombana.

Nifanyeje nimtunze bila kumvunjia heshima?

Mimi, binti yake

MAJIBU

Dada yetu, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mengi, nasi tutaanza na kifandugu kwa sababu hicho hakingoji.

Acha kuchua kuanzia leo. Mahali hapo ngozi na nyama vimebanwa katikati ya mfupa na godoro kwa saa nyingi, mishipa midogo ya damu ikakosa nafasi ya kupitisha damu. Ukichua, unaumiza nyama ambayo tayari imedhoofika, na uharibifu unaingia ndani zaidi. Spiriti inakausha ngozi mpaka ipasuke. Ule mto wa duara nao uondoe: ukingo wake unabana pande zote, na ngozi iliyoning'inia kwenye tundu inapata damu pungufu kuliko mwanzo. Waliokushauri walikutakia mema, lakini mambo haya matatu yanachangia alama isipone.

Ipime hivi. Mlaze kwa ubavu, nawa mikono, weka kidole juu ya alama, bonyeza kwa sekunde 3 hivi, kisha achia. Ikipauka na rangi ikarudi, damu bado inapita. Isipobadilika, hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda cha kulalia, kile ambacho wauguzi hukiita kidonda cha mgandamizo, hata kama ngozi haijachanika. Kwenye ngozi nyeusi kupauka huko hakuonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Gusa kwa mgongo wa mkono wako, kisha gusa ngozi ya pembeni: je, penye alama pana joto zaidi, au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea tepetepe? Baba anasikia maumivu ukigusa? Tofauti yoyote kati ya hizo ina maana ileile. Alama iliyodumu wiki nzima ichukulie kuwa kidonda kinachoanza, na mhudumu wa afya aione ndani ya siku moja au mbili. Ukikuta lengelenge, ngozi iliyochubuka, au rangi ya zambarau kama ya mtu aliyevilia damu, aonwe siku hiyohiyo.

Tunasisitiza hili kwa sababu ndugu wengi wanaamini kidonda cha kulalia kinaletwa na uchafu, basi wanaongeza sabuni. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton alitoa kipimo cha kutambua mgonjwa aliye hatarini, na bado kinatumika. Kina vipengele 5: hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujisogeza, na kutoweza kuzuia haja. Kila kimoja hupewa alama 1 hadi 4, na mgonjwa mwenye jumla ya 14 kushuka chini huhesabiwa kuwa hatarini. Hakuna kipengele kinachouliza anaogeshwa mara ngapi. Kinachoua ngozi ni kubanwa bila kusogezwa, pamoja na unyevu wa mkojo na choo. Baba yako, asiyeweza kujigeuza na anayelala na nepi, anapoteza alama hapohapo.

Kwa hiyo mgeuze kila baada ya saa 2, usiku ukiwemo, mpaka mhudumu wa afya akuambie kama mnaweza kurefusha. Usimlaze ubavu kamili, maana uzito wote utahamia kwenye mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu, nyuzi 30 hivi: mto mmoja nyuma ya mgongo kuanzia begani hadi kwenye makalio, mwingine kati ya magoti. Halafu pitisha kiganja chini ya kifandugu. Kikipita bila kubanwa, umepatia. Ukimwinamishia upande wa kushoto, vuta bega lililopooza lije mbele kidogo asililalie, na muda wa upande huo uwe mfupi. Chini ya mashavu ya miguu weka mto utakaoacha visigino vinaelea, kiasi cha karatasi kupita kati ya kisigino na godoro. Visigino hufuata kifandugu kwa kupata vidonda, na kwa kuwa viko chini ya shuka, watu huvisahau.

Kumsogeza nako kuna namna yake. Kunja shuka moja mara mbili, mtandikie kuanzia mabegani hadi katikati ya mapaja, na mkiwa wawili mshike pande zote mbili mnyanyue. Ukimburuta, ngozi inabaki imeshikwa na shuka huku mfupa unakwenda, na nyama ya ndani inachanika usione. Jambo hilohilo hutokea kichwa cha kitanda kikiinuliwa sana: mgonjwa anateleza taratibu. Kiinue anapokula, anapokunywa na anapopigwa mswaki, na baada ya chakula mwache wima nusu saa hivi. Muda mwingine kisizidi nyuzi 30. Kitini asikae zaidi ya saa 1 kwa mara moja mpaka alama ipone.

Sasa kuoga. Mwili mzima mara moja kwa siku unatosha kabisa, na ngozi ikiwa kavu kama unavyoeleza, hata siku moja baada ya nyingine. Vya kila siku ni uso, mikono, makwapa, sehemu za siri na mikunjo ya ngozi. Dodoki liweke kando, na dawa ya kuua vijidudu usiitie tena kwenye maji. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi) kikiwa karibu 5.5, na uchachu huo ni kinga yake. Sabuni ya kipande huwa na pH ya 9 hadi 10. Ukimpaka mara mbili kwa siku, ukasugua, mafuta ya asili yanaondoka na nyufa zinaanza, kisha vijidudu unavyoviogopa vinapata mlango. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, kidogo, na suuza yote itoke.

Andaa kila kitu kabla ya kumfunua: mabeseni 2, vitambaa laini 3 (cha uso, cha mwili, cha sehemu za siri), taulo 2, shuka jepesi la kumfunika, nguo safi, na nepi. Kumkimbilia taulo lililosahaulika huku amelowa ndiko kunakomfanya atetemeke na achukie kuoga. Mpe kwanza nafasi ya kujisaidia, na funga dirisha. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi. Yapime kwa ndani ya kiwiko chako, kisha baba ayaguse kwa mkono wake wa kulia. Usiyapime kwa mkono wa kushoto, kwa sababu baada ya kiharusi upande huo unaweza kuungua bila yeye kusikia.

Anza na macho, kwa maji matupu, kutoka kona ya puani kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Kisha uso, masikio, shingo, mikono na makwapa, kifua, tumbo, miguu, mgongo, na mwisho sehemu za siri. Funua sehemu moja, osha, suuza, kausha, funika, ndipo uende nyingine. Badilisha maji yakipoa au yakijaa povu, na lazima uyabadilishe kabla ya sehemu za siri. Kukausha ni kwa kulibonyeza taulo juu ya ngozi, bila kusugua. Kwapa la kushoto halipati hewa kwa sababu mkono umebana ubavuni, kwa hiyo inua mkono huo taratibu, ukishikilia kiwiko na kifundo cha mkono, kadiri unavyokwenda bila maumivu. Kausha pia kinena na katikati ya vidole vya miguu. Poda usitie, maana ikilowa inashikamana kuwa punje zinazochubua. Mkunjo wenye wekundu au weusi wa kung'aa, wenye vipele vidogo vilivyosambaa pembeni, huenda ni fangasi, na hapo sabuni haitasaidia. Aonwe apewe dawa yake. Miguu iliyobabuka ipake mafuta ya mgando kidogo mara tu baada ya kuikausha, yasiingie katikati ya vidole.

Muda huohuo wa kuoga ndio wa kukagua: kisogo, nyuma ya masikio, mabega, viwiko, nyonga, vifundo vya miguu, visigino. Chukua nusu dakika kwa kila upande. Ukizoea, kazi yote itakuchukua dakika 20 hadi 30.

Wakati wa kumvalisha, mkono uliopooza uingie kwanza. Wakati wa kumvua, mkono mzima utoke kwanza. Na kamwe usimwinue kwa kumvuta mkono wa kushoto au kumtia mikono makwapani. Misuli inayoshikilia bega hilo imelegea, fundo linaweza kushuka, na maumivu yake hukaa miezi.

Ule mkono uliofumba ngumi unafunguka ukijua pa kuanzia. Ukivuta ncha za vidole, misuli inajibu kwa kukaza zaidi, na ndiyo maana baba anapiga kelele. Weka beseni la maji ya uvuguvugu juu ya meza au taulo, mkono wote uegemezwe, ukae humo dakika 5 hadi 10. Ukiwa bado majini, kunja kifundo cha mkono kwa ndani, kiganja kielekee upande wa ndani wa mkono. Kano zinazokunja vidole zinalegea na utaona vidole vyenyewe vinaachia kidogo. Hapo toa kidole gumba kwanza, ukikishika kwenye shina lake na si kwenye ncha, kisha vidole vingine kimoja kimoja kutoka kwenye maungio yaliyo karibu na kiganja. Misuli ikikaza, simama, subiri ilegee, endelea. Pitisha kitambaa chembamba chenye sabuni kidogo kiganjani na katikati ya vidole, suuza, kausha kabisa. Tazama kama kucha zimechimba kiganja. Zikate fupi na zisawazishe kwa tupa ya kucha. Mwishoni mwekee kiganjani kitambaa safi kilichoviringishwa, kisichobanwa sana, na ukibadilishe kila unapoosha, asubuhi na jioni. Harufu itapungua ndani ya siku chache. Ikiwa hata hivyo anaumia sana, mkazo huo wa misuli una tiba: mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha mazoezi au kumtengenezea bamba la kushikilia mkono. Ukivimba ghafla na kuwa wa moto, msisubiri.

Kinywani, tafuta kwanza kwenye shavu la kushoto. Shavu lililopooza halisukumi chakula wala halisikii kilichobaki, hivyo mabaki hukaa hapo kutoka mlo mmoja hadi mwingine. Huenda harufu inatoka hapo. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani, mulika kwa tochi, na uyatoe mabaki kwa mswaki au kitambaa kilichofungwa kwenye mpini wake. Kidole chako kisipite katikati ya meno. Mswaki uwe laini, dawa ya meno iwe na floraidi, kiasi cha kupaka tu kwenye ncha ya nywele za mswaki, na mswaki uukung'ute maji. Povu na maji mengi ndivyo vinavyompalia. Piga taratibu dakika 2, ufizi na ulimi pia, huku ukifuta povu kwa kitambaa, kisha ainame ateme. Asubuhi na kabla ya kulala, kila siku. Kama ana meno ya bandia yatoke usiku, yasuguliwe kwa mswaki na sabuni, yalale kwenye maji ya baridi.

Kikohozi hicho kisichukuliwe kuwa cha kawaida. Baada ya kiharusi kumeza kunaweza kuharibika, na mate yenye vijidudu yakishuka mapafuni huleta homa ya mapafu. Mweleze mhudumu wa afya apime umezaji wake, hasa kama sauti yake inakuwa na majimaji baada ya kunywa, au anapata homa zinazokuja na kuondoka.

Nywele zioshwe mara moja kwa wiki. Kabla ya kumnyoa, angalia dawa zake: wengi waliopata kiharusi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, na kwao mashine ya umeme ni salama kuliko wembe.

Tubaki na lile ulilolionea haya. Kwanza muulize, wakati ambao hamuogi, kama anasema "acha" kwa aibu au kwa maumivu. Kama ni maumivu, panaweza kuwa na vipele vya unyevu au uvimbe, na panahitaji kuonwa. Kama ni aibu, kumbuka kwamba baba yako ana mkono mmoja mzima na akili timamu. Sehemu ya mbele anaweza kuosha mwenyewe. Mpe kitambaa ulichokwisha kukilowesha na kutia sabuni, tandaza taulo juu ya kiuno, geukia pembeni, kisha mpe cha kusuuzia na cha kukaushia. Mwambie anyanyue pumbu na kukausha chini yake, ndiko ngozi inakochubuka. Mwanaume ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma, aoshe, akaushe, na alirudishe mbele. Likibaki nyuma linavimba na kubana, na hiyo ni dharura.

Sehemu ya nyuma utaisafisha wewe akiwa amelala ubavu, amekupa mgongo. Namna hiyo hamtazamani usoni, na kinachobaki wazi ni makalio tu. Pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, vaa glavu, na ukimaliza zivue na unawe mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60. Nepi ikaguliwe kila unapomgeuza na ibadilishwe mara tu ikiwa na choo, kwa sababu choo na mkojo vikichanganyika vinaila ngozi haraka. Paka krimu ya zinki, safu nyembamba. Safari inayofuata ondoa iliyochafuka tu, usisugue mpaka yote itoke. Usivalishe nepi mbili. Joto linaongezeka na kifandugu kinabanwa zaidi.

Halafu mpatie chupa ya mkojo, ikae upande wake wa kulia anapoweza kuifikia, na mchana umkumbushe kila baada ya saa 2 au 3 badala ya kungoja abanwe. Wengi wenye mkono mmoja mzima huitumia bila msaada. Ajali zikipungua, na wewe utakuwa na machache ya kusafisha huko chini. Muulize pia kama angependelea mwanaume amsaidie, kaka yako au muuguzi wa kiume, japo mara moja kwa siku. Akikubali, usilichukulie kama kukukataa wewe.

Kesho asubuhi, kabla hujaleta beseni, keti karibu naye upande wa kulia umwambie: "Baba, naomba tukubaliane. Mbele utaosha mwenyewe, mimi nitageukia dirishani. Nyuma nitakusaidia ukiwa umenipa mgongo. Ukisema acha, nitasimama, nitakufunika, na nitakuuliza kuna nini." Msubiri ajibu, kisha mpe kitambaa.